Nilimwambia nesi simpi maji

Nesi aliuliza bila kuinua uso, kalamu iko juu ya kitabu cha kliniki: “Kuna kitu unampa zaidi ya ziwa? Maji? Dawa za kienyeji?” Mavyaa wangu alikuwa amekaa benchi ya nyuma, macho yake nayahisi kisogoni. Nikajibu upesi: “La, sista. Ziwa tu.”

Ilikuwa Jumanne, Mei 2024, kwenye zahanati moja ya Likoni, Mombasa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na sakafu yote imejaa alama za kandambili. Mwanangu alikuwa na wiki 13 na kilo 4.6. Mwezi mmoja nyuma alikuwa na 4.4. Na kule nyumbani, juu ya kabati la vyombo, kulikuwa na kikombe cha bati kimefunikwa kisahani, ndani yake maji ya mchango, dawa ya mizizi ya tumbo la mtoto. Asubuhi hiyo, kabla hatujatoka, alikuwa ameshanyweshwa vijiko vitatu.

Kliniki nilikuwa nikienda. Kwa kuchelewa, kwa kunung’unika, lakini nilikuwa nikienda. Kilichoniponza ni majibu niliyokuwa nikitoa nikifika. Shoga zangu wawili wana mimba sasa na wamenitaka niwaeleze mambo ya kliniki yalivyo, nikaona heri niandike yote, hata yale ya aibu, kuliko kuwatumia sauti za dakika kumi kwenye simu.

Uongo wa maji haukuwa wa kwanza. Wa kwanza niliusema nikiwa na mimba ya miezi sita, na ulikuwa wa tembe za damu.

Nilianza kliniki mimba ikiwa ya miezi mitano. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka mama mjamzito aonekane angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kuisha. Mimi wiki 12 zilipita nikiwa naificha mimba na macho ya watu. Mtaani kwetu mimba changa haitangazwi, na ukikaa foleni ya kliniki ushajitangaza, kwani jirani wa tatu ataketi ubavuni mwako. Siku niliyokwenda walinitoa damu ya kundi, ya wingi wa damu, ya kaswende na ya virusi vya UKIMWI, wakapima mkojo na presha. Nikapewa chandarua, na tembe tatu za kuzuia malaria ambazo huku Pwani mama mjamzito huzimeza palepale nesi akimtazama. Halafu nikafungiwa tembe za madini ya chuma na foliki asidi nikameze nyumbani.

Zile sikuzimeza. Zilinichafua moyo, choo kikawa cheusi kama lami, na jirani akanitia hofu kwamba zinamnenepesha mtoto tumboni mpaka upasuliwe. Nikawa nazitia kwenye kopo la siagi nyuma ya ndoo ya unga.

Mwezi uliofuata wingi wa damu ukapimwa tena: 9.2, iko chini. Nesi akaniuliza, “Tembe unameza kila siku?” Nikasema nameza. Sasa fikiria hali ya nesi. Mbele yake yuko mama anayemeza tembe kila siku na damu haipandi. Ilimbidi atafute sababu nyingine. Akaniandikia vipimo vya malaria, vya minyoo na vya damu zaidi, na kwa kuwa vingine havikuwapo pale, nilivuka na feri nikaenda maabara ya binafsi kisiwani. Feri ni bure kwa watu wa miguu. Maabara ilikuwa shilingi 2,300. Mume wangu ni kibarua bandarini, na zile zilikuwa pesa zake za siku mbili na ushei. Vipimo vyote vikaja safi. Ningesema tu, “Sista, zinanichafua moyo,” angenijibu alichokuja kunijibu mwingine baada ya mimi kuzaa: zimeze usiku ukishakula, usizishushie kwa chai, ukipata ndimu au chungwa ni bora zaidi, na choo cheusi ni kawaida yake. Ushauri wa bure.

Nilizaa Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, katika hospitali ya serikali kisiwani. Mtoto msichana, kilo 3.1, sauti kama ya mwadhini. Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kuzaa bure, ilikuwa bado ipo wakati ule, kabla ya mambo kuhamia SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, Oktoba mwaka huohuo, kwa hivyo uzazi wenyewe sikulipishwa. Ila pamba, pedi, beseni, dawa ya kusafishia na nauli za watu wa kuniletea uji vilikula kama 3,500. Weka hizo kando mapema, usidanganyike na neno bure. Damu ilinitoka nyingi, nikazirai mlangoni pa msala. Nilipozinduka, kitu cha kwanza kilichonijia akilini ni lile kopo la siagi.

Jumamosi tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Mtoto alipewa matone ya polio, lakini sindano ya kifua kikuu, ile ya mkono wa kushoto, hakudungwa. “Mleteni Jumanne.” Mama mmoja wodini akakasirika, akasema wavivu hawa. Mimi pia niliamini ni uvivu, mpaka miezi ikapita ndipo nikaelezwa: kichupa cha chanjo ile kina dozi 20, na kikishachanganywa hakina budi kutupwa ukipita muda wa saa sita. Wakikifungua kwa mtoto mmoja, 19 zinamwagwa. Ndiyo maana vituo vingi hukusanya watoto siku moja ya juma. Ya surua ni vivyo hivyo. Mwanangu alipotimiza miezi 9 nilirudishwa mara moja kwa sababu hiyohiyo. Kwa hivyo kabla hujalipa tuktuk, uliza siku. Piga simu, muulize jirani, mtume mtoto wa mtu. Na ukiambiwa Jumanne, nenda Jumanne.

Mimi sikwenda. Nilikuwa ndani ya arobaini.

Sitaki nieleweke vibaya, arobaini ilinifaa. Nilikandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, nikafungwa tumbo kwa leso, nikanyweshwa uji wa pilipili manga, sikushika ufagio. Mavyaa wangu alinilea kama mwanawe wa kumzaa. Lakini ndani ya siku hizo 40 mna ziara mbili za kliniki ambazo hakuna aliyezihesabu: ile ya saa 48 za mwanzo na ile ya wiki ya kwanza au ya pili. Hapo ndipo nesi hutazama kitovu, hutazama macho ya mtoto kama yana umanjano, na humtazama mama: damu, joto, presha, maziwa. Hakuna kitu katika mila yetu kinachomkataza mama kujifunika buibui akapanda tuktuk mpaka mlangoni pa zahanati akarudi. Nilimuuliza mamangu baadaye, akacheka: yeye mwenyewe alinipeleka mimi nikiwa na siku kumi. Mila tunazozisingizia hivi!

Na mhudumu wa afya ya jamii alikuja. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wale kina mama wanaozunguka nyumba kwa nyumba na mikoba, tuliokuwa tukiwaita CHV, yaani wa kujitolea, na sasa wanaitwa CHP, wahamasishaji wa afya ya jamii. Alibisha hodi mtoto akiwa na siku kama tisa. Nilisikia akisema amesikia kuna mzazi humu, angependa kumwona mama na mtoto. Mavyaa akamjibu kwa adabu zote kwamba mama kalala. Mama hakulala. Mama alikuwa nyuma ya pazia, chuchu zimepasuka, anauma leso kwa maumivu, na hakutaka mgeni amwone vile. Yule mama akasema, “Haya, nitapita tena inshallah,” akaenda zake.

Maji yalianza wiki ya tatu. Mtoto alikuwa analia jioni, kuanzia baada ya magharibi mpaka saa nne, miguu kaikunja, uso mwekundu. Mavyaa akasema ni mchango. Akachemsha mizizi anayoijua yeye, akaipoza, akampa kijiko kimoja. Mtoto akanyamaza. Basi, kesho kijiko kimoja, keshokutwa viwili, na baina ya dawa na dawa maji matupu ya vuguvugu, kwa sababu, kwa maneno yake, “Joto lote hili la Mombasa, wewe wanywa gilasi tano, yeye asipewe hata tone? Hiyo ni roho gani?” Sikuwa na jibu. Februari na Machi kwetu hata kuta zinatoa jasho. Na maji yenyewe, mtu wa Likoni ajua: mitungi ya mkokoteni, leo ya bomba, kesho ya kisima, mwenye mkokoteni huapa yote ni ya bomba.

Wiki sita zilitimia tarehe 22 Machi. Arobaini ilikuwa imekwisha siku mbili kabla yake. Ni kama waliopanga chanjo walimuuliza mkunga wa Kiswahili. Lakini kulikuwa na mambo mawili. Ramadhani ilikuwa imeingia. Na madaktari walikuwa wamegoma tangu tarehe 14 Machi, redioni ni mgomo asubuhi mpaka usiku. Nikajiambia kliniki zimefungwa, nitakwenda baada ya Idi. Sikumtuma mtu hata mmoja kuangalia. Kumbe kliniki ya watoto inaendeshwa na manesi, na yetu ilikuwa wazi muda wote, tena foleni fupi. Nikawa pia nimeanza kufunga, ingawa mama anayenyonyesha ana ruhusa ya kutofunga, na damu yangu bado chini. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu kujiona kama watu wengine.

Tulikwenda Jumanne ya tarehe 16 Aprili. Saa moja benchi zilikuwa zimejaa. Kama hujawahi kufika, utaratibu ni huu: unaweka kitabu chako kwenye rundo, vitabu vinageuzwa, wa kwanza kuweka ndiye wa kwanza kuitwa. Nesi mmoja anazungumza na wote kuhusu lishe au uzazi wa mpango, wengine wanasikiliza, wengine wanakula mahamri kwa siri. Halafu mizani. Mtoto avuliwe kila kitu, hata nepi. Ndiyo maana uje na leso mbili, moja ya kumlaza, moja ya kufutia, kwa sababu mizani baridi huwafanya wakojoe. Wanaokuja na waume zao walikuwa wakiitwa mbele. Nilimwambia mume wangu, akasema basi atakuja kila mara. Alikuja mara moja.

Nesi alitazama kitabu changu, akanitazama mimi. “Wiki tisa na ushei. Ulikuwa unasubiri Idi mosi au Idi pili?” Wote wakacheka. Nilitamani sakafu inimeze. Siku ile ndiyo niliyoamua moyoni kwamba watu hawa sitawaambia kitu tena kitakachowapa nafasi ya kunicheka. Sasa nikimkumbuka yule nesi, alikuwa na watoto wasiopungua 60 siku hiyo na mwenzake mmoja tu. Lakini ulimi wake ulinigharimu, na nadhani huwagharimu wengi.

Kitu kimoja alinifundisha ambacho sikukijua: chanjo ikichelewa haianzwi upya, wala mtoto hafukuzwi. Unaendelea pale ulipoachia. Mwanangu alidungwa ile ya kifua kikuu mkononi, moja paja la kushoto, moja paja la kulia, akapewa na matone. Nesi akanionya kuhusu homa. Usiku ikaja kweli, paja likawa gumu, na mavyaa akasema wamemuua mwana wa watu. Tukamkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, tukampa dawa ya homa kwa kipimo kilichoandikwa, nikamnyonyesha usiku kucha. Kesho yake mchana alikuwa anacheka. Wiki kadhaa baadaye pale mkononi pakatoka kijipu chenye usaha. Usipakamue, usipapake kitu, si dawa ya duka wala ya kienyeji. Kitakauka chenyewe kiache kovu, na lile kovu ni ushahidi. Nilikuja kuliona likimwokoa mama mmoja aliyepoteza kitabu ndani ya matatu. Nesi alifunua mkono wa mtoto kwanza ndipo akafungua rejista kutafuta jina. Tangu siku hiyo kila nikirudi kliniki napiga picha ukurasa wa chanjo na ule wa kilo. Tarehe ya kurudi mara nyingi huandikwa kwa penseli, na penseli na jasho la Mombasa haviivani.

Ndipo tukafika ile Mei niliyoanza nayo.

Gramu 200 kwa wiki nne. Nesi, safari hii mwingine, mtu mzima mpole, aliweka nukta kwenye chati, akaiunganisha na ya Aprili, akanigeuzia kitabu. Mstari uliokuwa ukipanda kama mlima ulikuwa umelala, na ile nukta mpya ilikuwa karibu kugusa mstari wa chini. Akaniambia mtoto wa umri huu angetakiwa apande nusu kilo na zaidi kwa mwezi. Akauliza kuhusu kuharisha. Nikasema hapana, ilhali alikuwa ameharisha siku nne wiki iliyopita. Akauliza kuhusu maji. Nikasema ziwa tu. Akauliza kuhusu mimi mwenyewe, nalala? Nalala, sista. Kweli moja haikunitoka kinywani.

Hakubishana nami. Aliandika turudi baada ya wiki mbili, wala si nne, kwa kupimwa kilo tu. Halafu akauliza tunakaa wapi, karibu na msikiti upi, akaandika kwenye karatasi. Sikujua ni ya nini.

Alhamisi yule mama wa mkoba akabisha hodi tena. Mavyaa alikuwa kaenda matangani Mtongwe. Nikamfungulia.

Aliingia, akavua viatu, akaketi mkekani kama shangazi aliyekuja kutembea. Hakutoa karatasi. Alimsifu mtoto, akanipa pole ya uzazi, akaomba maji ya kunywa. Nikainuka kwenda kabatini, na alinifuata kwa macho. Nilipochukua gilasi, kisahani kikateleza kutoka juu ya kile kikombe kikaanguka. Tukatazamana. Mle ndani maji ya rangi ya chai, na kijiko kidogo.

“Ni mchango?” akauliza.

Nikasema ni mchango.

“Mimi wangu wawili nimewapa,” akasema. “Wa tatu nikaacha. Anapewa mara ngapi?”

Nikamwambia yote. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi vile. Pengine ni ule mkeka, pengine ni kwamba hakuna benchi la watu nyuma yangu. Vijiko, mitungi ya mkokoteni, kuharisha, Ramadhani niliyofunga, tembe kwenye kopo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza mtoto analowesha nepi ngapi kwa siku. Nikahesabu: nne. Akasema anayeshiba ziwa hulowesha sita au zaidi.

Akaniambia, “Mnyonyeshe nikuone.” Nikamweka mtoto. Akasogea, akacheka kidogo. “Ananyonya ncha tu, huyu. Ndiyo maana umepasuka, ndiyo maana hashibi, ndiyo maana analia jioni.” Akanionyesha: mtoto ageukie tumbo langu kwa tumbo lake, nisubiri mpaka afunue kinywa kama anayepiga mwayo, nimlete yeye kwenye ziwa na si ziwa kwake, sehemu nyeusi iingie kinywani, kidevu kiguse. Mara ya kwanza tulikosa. Ya pili tukakosa. Ya tatu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nizae: mtoto akimeza. Gluku, gluku, kama mtu anayekunywa kwa kiu. Na hakuna maumivu. Miezi mitatu nilikuwa nikidhani maumivu ndiyo kunyonyesha kwenyewe.

Ya joto akanijibu nilivyotaka kumjibu mavyaa: ziwa lenyewe zaidi ya asilimia 80 ni maji, na mtoto akiona kiu atataka kunyonya. Tumbo lake ni dogo. Kila kijiko cha maji kimechukua nafasi ya kijiko cha maziwa. Mara nane mpaka 12 kwa usiku na mchana, amalize upande mmoja kabla ya kumhamishia wa pili.

Halafu akaniuliza swali lilelile la nesi. “Na wewe, walala?” Nikaanza kulia, nikalia mpaka mtoto akaacha ziwa akanitazama. Kuna usiku wa Aprili nilikaa mlangoni nikiwaza nitoke, niteremke mpaka kivukoni, nipande feri nisirudi tena. Sikumwambia mtu, hata mume wangu aliyekuwa amelala hatua tatu. Yule mama hakuniambia nimshukuru Mungu kwa mtoto mzima, kama wote walivyokuwa wakiniambia. Alisema huzuni ya uzazi ina dawa na ina watu wake, akaandika karatasi ya rufaa, na Jumanne yake aliandamana nami mpaka mlangoni pa nesi ili nisije nikasema “nalala, sista”. Nilizungumza na mshauri mara tatu. Nilianza kumeza tembe za damu kwa kweli. Niliomba mume wangu amshike mtoto kuanzia magharibi mpaka isha kila siku, na huo usingizi wa saa moja na nusu sitaubadilisha kwa dhahabu.

Baadaye nilijifunza kuhusu kazi yao zaidi. Septemba 2023 serikali ilizindua mikoba ya vifaa kwa wahudumu 100,000 nchi nzima: kipimajoto, mashine ya presha, mizani, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, simu ya kuandikia ripoti. Posho iliyowekwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na kila mmoja ana kaya kama 100 za kuzunguka. Nilimuuliza wetu kama hulipwa kwa wakati. Akarekebisha mtandio wake, akauliza mtoto anaendeleaje. Ukiwa na kiti na kikombe cha chai, mpe.

Kazi ngumu ilibaki kwa mavyaa. Nilikosea mara ya kwanza: nilimwambia “nesi kakataza,” akanuna siku mbili, na maji yakawa yanatolewa nikienda kuoga. Yule mama wa mkoba akaja kwa ajili yake hasa, wakakaa uani. Hakumwambia dawa yake ni mbaya. Alimwambia, “Mama, mpumzishe nayo mpaka wiki mbili, tumpime, kisha useme wewe.” Akamwachia na kazi: kuhesabu nepi. Mavyaa alikuwa akizihesabu kwenye kamba kila jioni, kwa sauti, kama mwenye duka. Tarehe 28 Mei tulikwenda naye. Kilo 5.0. Tarehe 11 Juni, sindano ya mwisho ya mapajani, 5.4. Mavyaa alikichukua kitabu mkononi mwa nesi akakitazama yeye mwenyewe, ingawa miwani alikuwa kaisahau.

Miezi sita, umri wa mtoto kuanza kupewa maji, ilitimia Ijumaa, tarehe 9 Agosti. Mavyaa alikuwa ameihesabu kuliko mimi. Alirudi na mzigo wa maji ya bomba aliyoyachota kwa nduguye, akayachemsha, akayapoza, akakishusha kile kikombe cha bati kutoka juu ya kabati, akakisugua kwa jivu na ndimu mpaka kikang’aa. Akampakata mtoto, akasema bismillahi, akamtia kijiko cha kwanza.

Mtoto akayazungusha kinywani, akamtazama bibi yake, akayatema yote kifuani pake. Mavyaa akafuta kwa ncha ya leso, akachota kijiko cha pili.